Kwa nini wafanyakazi humficha kiongozi makosa

Ndugu uliyeuliza kwa nini watu wa idara yako wanakuficha makosa ilhali hujawahi kumfukuza wala kumkaripia mtu, swali hilo nami lilinisumbua kwa muda mrefu.

Nilikuwa mkuu wa ghala la vipuri lenye wafanyakazi 11. Asubuhi moja karani wangu alisimama mlangoni akiwa ameikumbatia leja, kidole kimoja kikiwa katikati ya kurasa ili asipoteze mahali, akaniambia kwamba idadi ya bolti iliyoandikwa hailingani na iliyopo kwenye rafu. Sikufoka. Niliweka kalamu chini, nikamtazama, nikauliza, "Nani aliyeandika?" Akajibu kwamba pengine amekosea yeye kuhesabu, akafunga leja, akaondoka. Miezi minne baadaye, tulipohesabu mali yote, tulikuta kosa lilelile limejirudia katika kurasa 17, na karibu kila mmoja alikuwa ameshaliona.

Watu wale walikuwa waaminifu, na hilo ndilo lililoniuma. Aliye chini ya mwingine husoma uso wa mkubwa wake kabla hajasikia maneno yake, na neno "nani" humwambia kwamba anatafutwa mtu. Hapo hujilinda kwanza, mengine baadaye.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini katika miaka ya 1990, akitarajia kwamba wodi zenye timu bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume chake, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika wodi hizo watu walithubutu kusema walipokosea. Mwaka 1999 alichapisha utafiti mwingine, wa timu 51 za kiwandani, akiliita jambo hilo usalama wa kisaikolojia. Tangu nilipolielewa, taarifa isiyo na doa mwezi baada ya mwezi hunitia wasiwasi.

Sanduku la maoni sikushauri, kwa sababu linawafundisha watu kwamba ukweli ni jambo la kusemwa kwa kificho. Mimi nilianza kushukuru kabla ya kuhoji, nikauliza "Ilikuwaje?" badala ya "Nani?", na katika vikao nikawa wa mwisho kusema. Pia niliwaeleza siku niliyotia saini kupokea mzigo bila kufungua maboksi. Uzembe wa makusudi niliendelea kuuchukulia hatua, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu alijua tofauti yake na kosa la kibinadamu.

Ilipita karibu nusu mwaka kabla karani yule hajarudi. Safari hii aliifungua leja mwenyewe mezani pangu, akasema, "Mkuu, hapa nimekosea mimi, na nadhani najua sababu." Safu mbili za fomu ya kupokelea mizigo zilikuwa zimekaribiana mno, jicho likiteleza kutoka moja hadi nyingine, tuliichora upya siku hiyohiyo.