Vuli yetu si ya Ulaya: vyungu na mboji juu ya mawe ya Mwanza

Mwaka wangu wa kwanza Mabatini, hapa Mwanza, niliua mimea ya vyungu 14 kwa kufuata ushauri.

Ushauri wenyewe niliusoma kwenye simu, tena kwa Kiswahili kizuri tu. Ulisema vuli ikianza punguza kumwagilia, ingiza vyungu ndani, punguza matawi, maana mimea inajiandaa kulala. Ilikuwa Oktoba. Nikavibeba kimoja kimoja hadi sebuleni, nikavipanga nyuma ya kochi na kuvibania maji. Wiki hiyo hiyo mvua zikaanza. Majirani wakawa wanachuma mchicha, mimi nazoa majani ya manjano juu ya zulia.

Nilichelewa kuelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye neno moja. Ule msimu wa Ulaya wa majani kupukutika tumezoea kuutafsiri "vuli", basi aliyetafsiri akaniletea vuli ya Uingereza mlangoni kwangu. Kule kuanzia Septemba mchana unafupika, baridi ya kugandisha inanyemelea, na chungu kikiachwa nje mizizi inaganda. Ndiyo maana wanahangaika kuingiza vitu ndani. Hata yale mapambo yao ya mlangoni, maboga na vyungu vya krisanthemi, yana sababu: krisanthemi hufunga maua siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba hapa Mwanza haupishani hata nusu saa. Mmea hauna cha kuutisha ukalala.

Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda. Majani ya kupukutika tunayo, ila kwangu yanadondoka kiangazi. Mkungu wa jirani yangu unageuka mwekundu kama matofali mwezi wa saba na wa nane, kisha unaangusha kila kitu uani kwangu. Zamani nilikuwa nayafagia na kuyachoma moto. Nikikumbuka roho inaniuma.

Kwa hiyo, kama unataka vyungu vyako vipendeze mwezi wa kumi na moja, kazi inaanza Julai, mwishoni kabisa Agosti, tena inaanzia kwenye udongo. Mche utaununua baadaye.

Nasisitiza udongo kwa sababu ya mahali ninapoishi. Kiwanja changu ni jiwe. Sisemi kina mawe. Ni jiwe, na nyumba imetua juu yake kama kunguru. Wenzangu wa Mabatini, Igogo na milima ya Bugando wananielewa. Kilichopo kwenye nyufa ni ule udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, unaotokana na jiwe hilo hilo la granaiti kumomonyoka. Maji yanaupita kama kwenye chujio, na mbolea inaondoka nayo. Ukijaza luseni mtupu kwenye chungu, utamwagilia asubuhi, na jioni mimea itakuwa imenyauka. Upande wa pili kuna watu wanaochota udongo mweusi wa mbuga wakidhani weusi ndiyo rutuba. Rutuba kweli ipo, lakini kwenye ndoo udongo ule ukilowa unakuwa uji, ukikauka unapasuka hadi mizizi inakatika. Dawa ya udongo wote huo ni moja, mboji, na mboji huwezi kuiharakisha siku mvua zimeshaanza.

Mboji yangu ya kwanza niliitengeneza kwenye dramu la plastiki la lita 200. Nilikuwa nimepata wazo la kutumia magugu maji, maana yapo bure na hakuna atakayekuuliza. Gugu hili liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo upepo ukigeuka linaziba mialo na kukwamisha mitumbwi. Nilikwenda ufukweni na viroba vinne. Kijana mmoja aliyekuwa anashona nyavu akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada, shikamoo. Hayo unayachukua kwa hiari yako?" Nikamwambia ni ya bustani. Akaniita tena, "Basi usiache hata moja."

Nikayashindilia mabichi kwenye dramu, nikafunika. Baada ya siku kumi nilipofunua, macho yalinitoka machozi. Ilikuwa rojo nyeusi inayonuka kama mayai yaliyooza. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu maji bichi ni maji, na yakishindiliwa pamoja hewa haipiti hata kidogo. Vijidudu vinavyoozesha kwa amani vinahitaji hewa. Ukivinyima, wanachukua zamu wale wasioihitaji, na hao ndio wenye harufu. Mara nyingi mboji ikinuka vibaya, kosa ni hilo: maji mengi, hewa kidogo. Nililimwaga lile dramu lote juu ya jiwe, nikachanganya na maranda ya fundi seremala, nikaanza upya.

Siku hizi magugu nayaanika kwanza. Jiwe la granaiti mchana wa Agosti ni sawa na kikaango. Siku tatu au nne yamekuwa kahawia, na viroba vinne vimebaki nusu kiroba. Nachukua yale ambayo hayajatoa maua, kwa sababu mbegu zake zinaweza kukaa hai kwenye tope miaka mingi. Mizizi naikata na kuiacha ikaukie mbali na bustani, maana huko ndiko gugu linakojilimbikizia madini mazito kuliko kwenye majani. Na sichoti karibu na mitaro ya mjini wala mifereji ya viwanda, hasa kwa ajili ya vyungu vya mboga. Hata kipande kimoja kibichi cha gugu sikitupi mtaroni. Sisi wa mlimani mitaro yetu yote inaishia ziwani.

Dramu nalo nililiacha. Rundo lisilofika kama mita moja kila upande halishiki joto. Mimi nina bahati ya mawe mawili yaliyosimama yakiachana hatua moja na nusu, basi hayo ndiyo kuta zangu. Nyuma nimeziba kwa mabanzi, juu natupia turubai. Chini naweka vijiti na mabua ili hewa ipande. Halafu kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi (maganda ya ndizi, ya viazi, mabaki ya mchicha, samadi ya ng'ombe au mbuzi) naweka ndoo tatu za vikavu: majani ya mkungu niliyoyaponda kwa miguu, maranda, magugu yaliyokauka. Maganda ya mpunga kutoka mashineni yanapatikana kirahisi na ni mazuri kwa kuachanisha rundo, ila yasiwe mengi, maana yanachelewa sana kuoza. Majivu ya jikoni kiganja tu. Nilishawahi kuyamwaga ndoo nzima nikaishia na mboji yenye chumvichumvi ambayo hata pilipili ilinuna.

Maji ni suala la mkono. Chukua konzi la mchanganyiko, kamua kwa nguvu. Likitoa matone mawili matatu, hapo sawa. Likichuruzika, ongeza vikavu. Likimwagika kama vumbi, nyunyizia.

Na kuna fimbo. Hii nilifundishwa na bibi mmoja wa Magu niliyekuwa nanunua kwake samadi. Unachomeka fimbo ndefu mshazari hadi katikati ya rundo, unaiacha. Siku ya tano unaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto kiasi kwamba unaibadilisha mkono huu na huu, rundo liko kazini. Ikitoka baridi na kavu, au ina unga mweupe wa ukungu, lina kiu. Ikitoka baridi na inateleza, limezama. Rundo zuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65, na huko mbegu nyingi za magugu zinakufa, ndiyo maana naligeuza kila baada ya wiki moja au mbili: ya pembeni yaende katikati nayo yakapikwe. Bibi yule hakuwa na haja ya kipimajoto chochote. Nilipomwamkia "Mwangaluka" asubuhi ile aliitikia bila kuinua macho, alikuwa ameshika fimbo yake.

Sasa samaki. Mtu wa Mwanza hawezi kutengeneza mboji bila kumfikiria samaki, maana matumbo na magamba ya sato yapo kila kona. Ni mbolea kali, sikatai. Lakini niliyaweka juu juu, nikafunika na majani kidogo. Usiku wa pili mbwa wa mtaa mzima walikuwa kwangu, asubuhi mwewe wamekaa juu ya bati. Jirani akabisha hodi akiwa ameshika khanga puani: "Jirani, samahani lakini, hapo kwako kuna msiba ambao hatujaambiwa?" Kama ni lazima, fukia katikati ya rundo, kina cha mkono hadi kiwikoni, juu yake ndoo nzima ya maranda. Mimi nimeamua kutumia vumbi la dagaa lile la kulisha kuku, kiganja kimoja kwa kila tabaka. Halinuki kiasi cha kuvunja ujirani.

Kwa mwendo huo miezi miwili mitatu inatosha. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na huwezi kutambua ganda wala jani. Kama bado ina joto, haijaiva; ukiipandia itaunguza mizizi.

Kwenye chungu nachanganya udongo sehemu mbili, mboji sehemu moja, mchanga sehemu moja. Ukiwa na luseni, acha mchanga, ongeza mboji. Na hapa tumewashinda wenzetu wa Dar es Salaam: ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo mchanga wa huku hauna chumvi ya bahari. Mimi naomba masalia ya mchanga kwa wajenzi, toroli moja linanitosha mwaka.

Chombo chochote kinafaa kikiwa na matundu chini. Ndoo za rangi nazitoboa matundu matano au sita kwa msumari wa moto, natandika kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoke. Kokoto chini ya chungu niliacha. Najua kila mtu anaweka. Lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo uwe umeshiba kabisa, kwa hiyo kinachofanyika ni kuipandisha ile sehemu yenye tope karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo hadi chini.

Mvua za vuli zikija kwa nguvu alfajiri kutoka ziwani, tatizo letu la mlimani ni maji yanayoteremka juu ya jiwe. Yanakuja yote kwa pamoja. Vyungu vyangu vyote vimeinuliwa juu ya vipande vya tofali, na sahani za chini nimeziondoa kuanzia Oktoba. Zinafuga mbu tu. Usiweke chungu chini ya mwisho wa bati pia. Matone yanachimba udongo hadi unaona mizizi imekodoa macho.

Mchicha na mgagani ndio wa kuanza nao kama huna uzoefu, wiki nne hivi unachuma. Matembele unachomeka vipande vya mashina tu, hata kwenye kiroba cha salfeti. Nyanya nazihifadhi chini ya upenu, kwa sababu majani yakilowa kila siku yanashambuliwa na ukungu. Kwa upande wa maua, bogonvilia inapenda kunyanyaswa kidogo: ikishiba maji inatoa majani, ikiona kiu ndipo inachanua, kwa hiyo mvua zikizidi naisogeza jikoni pembeni. Ngazi zangu nimezipanga hivyo, bogonvilia mbili juu, mchaichai katikati, mboga chini ambako mkono unafika. Wageni wanasifu maua na kuondoka na mchicha.

Jirani yule wa khanga siku hizi ananipitishia ndoo ya maganda juu ya ukuta kila jioni, nami namrudishia kiroba cha mboji mwezi wa kumi. Ndoo yake lazima niichambue kwanza. Wiki hii nimetoa humo vijiko viwili vya chai na betri za redio.