SEO kwa Tovuti ya Biashara Ndogo: Hakikisha Kwanza Kwamba Kurasa Zinafikiwa

Anayeanza kazi ya kuiandaa tovuti ya biashara ndogo ili ionekane katika injini za utafutaji, kazi ambayo sote tumezoea kuiita SEO, kwa kawaida hukimbilia maneno. Hutafuta orodha ya maneno muhimu, huyapachika katika kila aya, kisha husubiri wateja. Ushauri wangu kwako ni kwamba maneno yasubiri kidogo. Katika tovuti nyingi nilizoletewa kwa malalamiko kwamba hazionekani Google, kasoro kubwa haikuwa katika uandishi. Ilikuwa kwamba ukurasa muhimu haujawahi kuhifadhiwa na injini, au umehifadhiwa kwa anwani isiyotakiwa, au umezuiwa na mpangilio ambao hakuna aliyekumbuka kuuondoa. Ukurasa wa namna hiyo, hata uandikwe kwa ufasaha gani, hakuna atakayeuona.

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu, na ni lazima ujifunze kuzitenganisha. Kwanza, roboti wake, yaani programu inayozunguka mtandaoni, huzitembelea kurasa kwa kufuata viungo. Pili, injini huusoma ukurasa na kuamua kama itauweka au haitauweka katika faharasa yake, yaani hazina ya kurasa inazozihifadhi. Tatu, mtu anapouliza jambo, injini huchagua kurasa kutoka katika faharasa hiyo na kuzipanga. Kila hatua ina kasoro zake na tiba yake, na anayezichanganya atapoteza majuma akirekebisha kichwa cha ukurasa ambao roboti hajaruhusiwa hata kuufungua. Kabla ya kugusa chochote, jiulize tatizo liko hatua ipi.

Chombo cha kujibu swali hilo ni Google Search Console, ambacho hakitozi chochote na ambacho ningekiweka siku ileile tovuti inapowekwa hewani. Thibitisha umiliki wa kikoa kizima kwa kuongeza rekodi katika mipangilio ya DNS, yaani mfumo unaolielekeza jina la tovuti kwenye seva yake, kwa sababu njia hiyo hukusanya pamoja anwani zote za kikoa, zenye www na zisizo nayo, zenye https na zile za http. Jambo moja nalisisitiza sana kwa wanaofanya kazi hii kwa niaba ya wengine: mwenye biashara ndiye awe mmiliki wa akaunti, nawe upewe ruhusa ya mtumiaji. Akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe ya fundi humwacha mwenye mali akiwa hana lolote siku ambayo fundi huyo anaondoka, na si haki kumweka mtu katika hali hiyo. Ukimaliza hapo, fungua pia Bing Webmaster Tools, chombo kama hicho cha injini ya Bing, ambacho kinaweza kuchukua taarifa za tovuti moja kwa moja kutoka Search Console.

Sasa kagua kurasa zako kuu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuingiza anwani zake katika sehemu ya ukaguzi ya Search Console. Utaelezwa kama ukurasa umo katika faharasa, lini ulitembelewa mara ya mwisho, na kama haumo, sababu yake ni ipi. Sababu ninayoikuta mara kwa mara ni agizo la noindex, linaloiambia injini isiuweke ukurasa katika faharasa. Tovuti inapojengwa, fundi huizuia isionekane kabla ya wakati wake, na hilo ni jambo la busara. Katika WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, hufanyika kwa kuweka tiki katika kisanduku kimoja tu kwenye mipangilio ya usomaji. Tovuti ikikamilika, tiki hiyo hubaki pale, na biashara huendelea kulipia tovuti ambayo yenyewe inaziomba injini ziipuuze.

Hapa pana utata unaowapotosha hata wenye uzoefu, nao ni tofauti kati ya noindex na faili ya robots.txt. Faili hiyo, ambayo utaratibu wake ulianza kutumika mwaka 1994 na ukaandikwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2022, humwambia roboti asitembelee sehemu fulani za tovuti. Haisemi kwamba sehemu hizo zisiwekwe katika faharasa. Ukurasa uliozuiwa humo unaweza bado kuonekana katika matokeo kama anwani tupu isiyo na maelezo, iwapo tovuti nyingine zimeuunganisha. Tena, ukiuwekea ukurasa agizo la noindex na wakati huohuo ukauzuia katika robots.txt, roboti hataufungua, na kwa hiyo hataliona agizo lako. Unapotaka ukurasa uondoke katika matokeo, mruhusu roboti aufikie ili alisome agizo. Ikiwa ukurasa una siri, kama vile taarifa za wateja, usitegemee lolote kati ya hayo mawili: uweke nyuma ya nenosiri.

Suala la anwani nalo ni la hatua hii. Tovuti moja ikifunguka kwa www na bila www, au kwa http na https, injini huona nakala kadhaa za ukurasa uleule na hulazimika kuchagua mojawapo. Chagua wewe. Elekeza anwani nyingine zote kwenye moja kwa uelekezaji wa kudumu, yaani 301, na pale ambapo nakala haziepukiki tumia kiungo cha canonical, kinachoionyesha injini nakala iliyo kuu. Kuhusu ramani ya tovuti, yaani faili inayoorodhesha anwani za kurasa zako kwa ajili ya injini, itume kwa sababu haina gharama, lakini usiitegemee sana. Faili moja ya ramani hubeba hadi anwani 50,000, ilhali Google yenyewe inaeleza kwamba tovuti ya kurasa zipatazo 500 au pungufu, iliyounganishwa vizuri kwa ndani, huenda isiihitaji kabisa. Kinachosaidia zaidi ni kwamba kila ukurasa muhimu ufikiwe kwa viungo vya kawaida kutoka ukurasa wa mwanzo.

Hapo ndipo maneno yanapopata zamu yake. Kosa la kimuundo ninaloliona katika tovuti nyingi ndogo ni ukurasa mmoja unaoitwa Huduma Zetu, wenye orodha ya huduma zote, kila moja ikiwa na mstari mmoja. Chukua biashara inayotengeneza kompyuta, kurejesha data zilizopotea na kufunga mitandao ya ofisi. Mtu aliyepoteza faili zake ana hofu na maswali tofauti kabisa na ya meneja anayetaka mtandao mpya, na ukurasa unaojaribu kuwajibu wote wawili haumjibu yeyote. Kila huduma yenye mteja wake ipewe ukurasa wake, na ukurasa huo ueleze kinachofanyika, huchukua muda gani, kipi hakiwezekani, gharama hupangwaje, na mteja aandae nini kabla ya kuja. Ikiwa huduma haina maelezo ya kutosha kujaza ukurasa, iache ndani ya nyingine. Kurasa nyepesi zilizozalishwa kwa wingi, zinazotofautiana kwa jina la mtaa tu, ni aina ya ujanja ambao injini zimekuwa zikiupinga kwa miaka mingi.

Maneno yenyewe yachukue kwa wateja. Kaa na anayepokea simu za biashara hiyo, mwombe akueleze watu huanza mazungumzo kwa kusema nini, kisha soma ujumbe walioutuma kwa maandishi. Mafundi huandika kuhusu urejeshaji wa data kutoka katika diski iliyoharibika, lakini mteja huuliza kwa nini kompyuta yake inatoa mlio na haiwaki. Maneno ya mteja yakitumika katika kichwa cha ukurasa, katika vichwa vidogo na katika maelezo, huna haja ya kuyarudiarudia, na ukurasa utasomeka kama ulioandikwa na mtu kwa ajili ya mtu.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kama kiungo katika matokeo, ndicho sehemu fupi yenye uzito kuliko zote. Kiwe tofauti kwa kila ukurasa, kitaje huduma kwanza na jina la biashara mwishoni, na kisirefuke hadi kukatwa. Ufahamu kwamba Google inaweza kukibadilisha ikiona hakilingani na kilichomo. Maelezo mafupi yanayofuata chini yake hayapandishi nafasi ya ukurasa, lakini yakitumika humsaidia mtu kuamua kubofya, kwa hiyo yastahili uangalifu. Ile sehemu ya zamani ya kuorodhesha maneno muhimu ndani ya msimbo iache kabisa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Kwa biashara inayohudumia watu wa eneo fulani, Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara unaoonekana katika utafutaji na ramani za Google, mara nyingi huleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe, na sioni sababu ya kuiahirisha. Google hupanga matokeo ya eneo kwa kutazama mambo matatu: ulinganifu wa biashara na kilichoulizwa, umbali, na jinsi biashara inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha, lakini aina ya biashara iliyochaguliwa kwa usahihi, saa za kazi zilizo za kweli, na jina na namba ya simu vinavyofanana kila mahali vimo mikononi mwako. Biashara inayowafuata wateja walipo badala ya kuwapokea ofisini ifiche anwani na itaje maeneo inayohudumia. Maoni ya wateja yaombwe kwa adabu kwa kila mteja, aliyeridhika na asiyeridhika, na yasinunuliwe wala kuahidiwa zawadi. Ndani ya tovuti, taarifa hizohizo ziwekwe pia katika msimbo kwa msamiati wa Schema.org, unaoziwezesha injini kuzitambua taarifa hizo, ulioanzishwa na Google, Bing na Yahoo mwaka 2011, mradi kisiandikwe humo kitu ambacho msomaji hakioni katika ukurasa.

Kasi ya tovuti huzungumzwa sana, nami nitasema machache. Google huusoma ukurasa katika umbo lake la simu, kwa hiyo maelezo yaliyoondolewa kwenye umbo hilo ili kurahisisha mwonekano ni maelezo uliyojinyima. Vipimo vyake vya kasi vinataka kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana kwenye ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati unafunguka. Katika tovuti ndogo, mzigo mkubwa karibu kila mara ni picha zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Zipunguze ukubwa, ziandikie maelezo mbadala ya kweli kwa ajili ya wasioona, halafu endelea na kazi nyingine. Kuhangaikia alama 100 katika kipimo cha kasi, huku ukurasa wa huduma ukiwa na mistari minne, ni kupoteza muda wa mteja wako.

Viungo kutoka tovuti nyingine vina uzito tangu Google ianze mwaka 1998, na ndiyo maana vinauzwa. Usivinunue. Tangu sasisho la Google lililoitwa Penguin la mwaka 2012, tovuti zilizoegemea viungo vya hila zimeporomoka, na biashara ndogo haina akiba ya kuvumilia anguko la namna hiyo. Waombe wasambazaji, vyama vya wafanyabiashara na washirika wanaoijua biashara hiyo kweli waiunganishe katika kurasa zao.

Mwisho ni upimaji, na hapa subira ni sehemu ya ufundi. Andika tarehe ya kila badiliko ulilofanya, kwa kuwa matokeo mengine huonekana baada ya siku chache na mengine baada ya miezi, nawe hutakumbuka. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, zinazotosha kulinganisha msimu na msimu uleule wa mwaka uliopita. Tenganisha utafutaji unaotaja jina la biashara na usiolitaja: wa kwanza huonyesha wanaokufahamu tayari, wa pili ndio unaopima kazi yako. Ukurasa unaoonekana mara nyingi bila kubofywa uanze kuangaliwa kichwa chake, na usioonekana kabisa urudishwe kwenye ukaguzi wa faharasa. Mteja akikuuliza ni lini atakuwa wa kwanza, mwambie ukweli kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi hiyo, kisha mwonyeshe ni simu na maombi mangapi yametoka katika kurasa mlizozifanyia kazi pamoja.