Gitaa la bei nafuu halijamaliziwa kazi

Miezi mitano ya kwanza niliamini kabisa kwamba sina kipaji. Gitaa langu la kwanza lilikuwa gitaa kavu la kiwandani, lililotoka ng'ambo, la bei ya chini kuliko yote dukani, na kila nikilishika vidole viliwaka kama nimebana kaa la moto. Kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa zinazobanwa na kulia kwa pamoja, sikuipata hata mara moja. Nilibana mpaka mkono ukatetemeka, nyuzi mbili zikalia, nne zikafa. Mwisho nikaliweka juu ya kabati.

Aliyeliteremsha ni fundi mmoja mzee aliyekuja nyumbani kwa shughuli nyingine kabisa. Alilinyanyua, akaitazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, akacheka. "Mwanangu, unapigana nalo bure." Akatoa rula ndogo ya chuma na kuisimamisha kwenye freti ya 12, kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kati ya vilivyokata shingo. Uzi mnene ulikuwa umepanda zaidi ya milimita 4 juu ya freti. Kinachotakiwa ni kama milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa ule mwembamba. Akalegeza nyuzi, akachomoa kile kipande cheupe cha plastiki kinachokaa kwenye daraja, ile mbao ya usoni inayoshika mwisho wa nyuzi, akakisugua upande wa chini kwa msasa aliokuwa ameulaza juu ya kioo, akakirudisha mahali pake. Nusu saa haikuisha. Jioni ile niliipiga F, vibaya, lakini niliipiga.

Tangu hapo nimenunua, nimeazima na kuwachagulia watu magitaa mengi ya aina hiyo, na swali huwa ni lile lile: yanafaa, au ni kutupa hela? Jibu langu ni kwamba mengi yanafaa. Bei inaposhuka, kinachokatwa kwanza ni saa moja ya mwisho ya kazi ya mkono, na hiyo unaweza kuilipia mwenyewe baadaye.

Kiwanda cha leo huchonga shingo kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na shingo ya elfu moja hutoka sawa na ya kwanza. Vanishi hukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa muda wa dakika tu. Viwanda vikubwa vya Indonesia na China hutengeneza magitaa ya majina mengi chini ya paa moja. Cort, kampuni ya Korea Kusini iliyoanza mwaka 1973 na yenye kiwanda Surabaya, imewatengenezea wengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa halikuambii sana nani alilitengeneza.

Ambacho mashine haifanyi ni kukaa na gitaa moja moja, uzi kwa uzi, na kusikiliza. Tena kiwanda kina sababu ya kuziacha nyuzi juu. Gitaa husafiri baharini wiki kadhaa, unyevu unabadilika, mbao inavimba au kusinyaa. Nyuzi zikiwa chini mno zitakwaruza freti, na mteja atalirudisha. Zikiwa juu hazikwaruzi kitu. Mteja ataumia vidole, atajilaumu mwenyewe, na gitaa litaenda juu ya kabati.

Kuyadharau magitaa haya hakukuanza leo. Wazee wa muziki bado huliita gitaa kavu galatoni, jina lililotokana na Gallotone, magitaa ya bei rahisi ya Afrika Kusini. Moja lilifika hadi Uingereza kwa kijana John Lennon, baadaye wa bendi ya Beatles, na ndilo alilokuwa nalo kwenye sherehe ya kanisa huko Liverpool, Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa Beatles. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 100,000. Sisemi kwamba lilikuwa gitaa zuri, ila lilitosha kuanzia.

Sasa mbao, maana hapo ndipo wauzaji wanapocheza na maneno. Uso wa gitaa ndio unaotoa sauti, na huwa wa mbao nzima au wa plaiwudi. Lebo ikisema "spruce top" peke yake, yaani uso wa mbao ya sprusi, chukulia ni plaiwudi yenye ngozi ya sprusi juu. Mbao nzima itaandikwa "solid" bila aibu, maana ni sifa ya kuuzia. Usiishie kwenye lebo. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: kwenye mbao nzima mistari ya uso inateremka moja kwa moja hadi upande wa ndani, kwenye plaiwudi utaona matabaka kama kurasa za daftari lililofungwa. Ukingo ukipakwa rangi nyeusi nzito, jiulize unafichwa nini.

Uso wa mbao nzima una sauti pana zaidi na hudumu kulia baada ya kuugusa. Zamani ulikuwa wa magitaa ya gharama. Leo upo hata kwenye magitaa ya wanaoanza, kama Yamaha FG800 iliyotoka mwaka 2016. Ila plaiwudi nayo nitaitetea. Haipasuki ovyo joto na unyevu vinapopanda na kushuka, na gitaa la kubeba safarini au la kuachia watoto nitalinunua la plaiwudi bila kusita. Yamaha FG180 ya mwaka 1966, ambayo watu bado wanaitafuta, uso wake ni wa plaiwudi.

Mbao ya mgongo na mbavu usiilipie sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliwapa wapiga gitaa 52 magitaa sita yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, huku wamezibwa macho, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 walikuta kwamba ubora wa sauti ulikadiriwa karibu sawa kwa yote. Rozwudi, mbao ya gharama ya mgongo na mbavu, inapendeza machoni. Mimi pia naipenda kwa macho.

Kinachoniogopesha ni pembe ya shingo, na hili nililijua kwa kuumia. Niliwahi kuagiza gitaa kwa picha tu: nakshi za chaza kuzunguka tundu, vanishi ya kujitazamia. Lilipofika, nyuzi zilikuwa juu. Nikajiambia nalijua hili, nikachomoa kipande cha daraja nikisugue, nikakuta kimebaki kidogo sana, kimezama karibu chote ndani ya mbao. Nikahamia kwenye ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, nikaikaza robo mzunguko, kisha robo nyingine, kisha nyingine. Nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti za mwanzo, na pale kwenye ya 12 bado ziko juu vile vile. Fimbo ile hurekebisha mpindo wa shingo. Pembe ambayo shingo imeungwa nayo kwenye kasha haiigusi, na kuirekebisha ni kuing'oa shingo na kuigundisha upya, kazi inayoweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Aliyeniuzia alisema muda wa kurudisha umepita.

Kwa hiyo siku hizi natembea na rula ndefu. Ilaze katikati ya shingo juu ya freti na uisogeze mpaka ifike kwenye daraja. Ncha yake ipite juu kidogo ya mbao ya daraja, au ilingane nayo. Ikigonga ubavu wa daraja, chini ya ukingo wa juu, liache gitaa hilo hata kama linalia kama kinanda. Muuzaji akikasirikia rula, umeshapata jibu.

Kisha bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa iwe nyembamba kama unywele. Ikiwa pana, vijia vya nyuzi pale kwenye kichwa cha shingo havijachimbwa vya kutosha, na hapo ndipo F inapozaliwa kuwa adui. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hudhani ni sikio lao: unatyuni nyuzi zikiwa wazi, tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, inazikubali zote sita, ukibana kodi ya C inatoka imepinda. Uzi ulio juu ukibanwa hunyooshwa, na ukinyooshwa sauti inapanda. Vijia hivi mwachie fundi. Kipande cha daraja unaweza kukisugua nyumbani, mradi ukumbuke kwamba kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12 kunahitaji kuondoa milimita 2 kwenye kipande, kwa kuwa freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi. Ondoa kidogo, rudisha, pima, rudia. Kukata ni rahisi, kurudisha ulichokata hakuna.

Nyuzi za kiwandani tupa. Huenda zimekaa zimekazwa tangu gitaa lilipofungwa kwenye boksi. Kama magitaa mengi ya ukubwa wa kawaida, lako litakuwa limefungwa seti ya 12 (namba ya unene, si idadi ya nyuzi), ambayo kwa jumla huvuta karibu kilo 70. Seti ya 10 ni nyepesi zaidi na vidole vya anayeanza vitashukuru, ingawa sauti inapungua unene kidogo.

Funguo za kukazia, watu huzilaumu bure. Mara nyingi gitaa linapoteza tyuni kwa sababu nyuzi mpya hazijavutwa, au uzi unakwama kwenye kijia. Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza, ni kijia. Sugua hapo risasi ya penseli.

Wakati wa kupanga bajeti, mimi hutenga kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya fundi na nyuzi kabla sijatazama gitaa lolote. Kinachobaki ndicho cha kununulia. Lile gitaa langu la kwanza ninalo bado. Limepigwa mpaka freti tatu za kwanza zimechimbika chini ya nyuzi nyembamba, na wiki ijayo linakwenda kubadilishwa freti.