Mzazi ameteleza bafuni: kabla ya kumhamisha, ikague nyumba

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama sasa, baada ya mama yako kuteleza bafuni, umhamishie kwako au abaki kwake lakini asipande ngazi wala kutoka peke yake. Mimi ni fundi ujenzi, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kurekebisha nyumba za watu waliozeekea humo. Ninachokuomba ni kimoja: usimwamulie. Ikague nyumba kwanza, na muikague pamoja, yeye akiongoza.

Mara nyingi naitwa nyumbani kwa mtu, watoto wananizunguka kunieleza, na mzee yupo palepale hakuna anayemuuliza neno. Watoto husema shida ni ngazi. Nikimgeukia mama mwenyewe, ananiambia ngazi anaziweza, ila taa ni moja tu kule juu na usiku kidato cha mwisho hakioni. Na ana haki. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takribani theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Taa ya pili, swichi juu na chini, na mstari wa rangi kali kwenye ukingo wa kila kidato: hiyo ni kazi ya siku moja, na mtu anabaki na chumba chake alichokizoea.

Bafu ndilo la kushughulikia haraka. Mtu akianza kuanguka hushika chochote kilicho karibu, na mara nyingi ni kile chuma cha kutundikia taulo, ambacho hakikutengenezwa kubeba mtu. Weka vishikio vya kweli pembeni ya choo na pa kuogea, vifungwe kwa bolti kwenye tofali au zege, si kwenye ubao mwembamba. Vile vya kubandika kwa mpira sivipendi kabisa. Huachia bila taarifa. Sakafu iwe ya vigae vyenye mkwaruzo, na vizulia vidogo visivyobanwa viondoke. Halafu tazama mlango, kwa sababu wengi hawaufikirii: kama unafungukia ndani na mtu akaangukia nyuma yake, mwili wake unauzuia na hamtaweza kuingia kumwokoa. Ugeuzeni ufungukie nje.

Mlangoni pa nyumba, kama kuna kidato kinachomsumbua, mteremko uwe na urefu mara 12 ya kimo cha kidato hicho. Kidato cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Ukifupisha ili kuokoa saruji, umemtengenezea mahali pengine pa kuteleza.

Sasa hilo la kumkataza kutoka. Nakuelewa, unaogopa, na hofu yako ina msingi: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wengi. Lakini miguu isiyotembea hudhoofika, na mguu dhaifu ndio unaoanguka. Isitoshe, mtu anayeambiwa kila siku kuwa amezeeka hawezi, mwishowe huamini. Mtafiti Becca Levy na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2002 kule Marekani ukionyesha kuwa watu walioutazama uzee wao kwa mtazamo mzuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wale wenye mtazamo mbaya. Kumwambia mzee kuwa hawezi ni ubaguzi wa umri, hata ukifanywa kwa upendo, na ndani ya familia ndimo ninamouona zaidi.

Huko nje nako lawama si ya mama. Taa nyingi za kuvukia barabara zimepigiwa hesabu ya mtu anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde, na wazee wengi hawafiki mwendo huo. Taa inabadilika yuko katikati, madereva wanapiga honi, na tunasema mzee amechoka, abaki nyumbani. Singapore waliamua vingine: tangu 2009 wana vivuko ambavyo mzee hugusisha kadi yake na taa ya kijani inaongezewa sekunde. Mji wenye benchi za kupumzikia, njia za miguu zisizo na mashimo na vyoo vya umma vilivyo wazi unampa mtu wa miaka 80 sababu ya kutoka. Haya tuyadai kwa mamlaka za miji yetu, tena tukiwa na wazee wenyewe mezani.

Lakini anza na nyumba. Kabla ya fundi, mpeleke kwa daktari akapimwe macho na dawa anazotumia ziangaliwe, maana nyingine huleta kizunguzungu. Kisha pima upana wa mlango wa bafu, gonga ukuta ujue ni tofali au ubao, muulize mama mkono wake wenye nguvu ni upi, uniandikie hapa. Nitakuelekeza kila kishikio kikae wapi.