Maswali ya wasomaji: CRS, kutoka meli za nafaka hadi magulio ya mbegu

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu Catholic Relief Services (CRS), shirika la misaada na maendeleo la maaskofu Wakatoliki wa Marekani. Barua nyingi ziliuliza lilivyoanza, na kwa nini siku hizi watu hupewa vocha pale ambapo zamani wangepewa magunia. Tumechagua sita.

*Tumsifu Yesu Kristo. Hapa kwetu Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Nimesikia CRS ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi hao hao. Ni kweli?*
Mwalimu wa historia, Arusha

Milele amina. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu Wapolandi wa mashariki, familia nzima nzima, ukawapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941 waliachiwa, na mwaka uliofuata zaidi ya 100,000, askari na raia, walivuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran. Kutoka pale raia wakatawanywa. Wengine walipelekwa India, wengine Palestina, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki: Tengeru, iliyopokea 5,000 hivi, Masindi na Koja kule Uganda, na kambi nyingine ndogo.

Kundi moja la zaidi ya watu 1,400 lilipelekwa Meksiko mwaka 1943, kwenye shamba la Santa Rosa karibu na mji wa León. Mwaka huo huo maaskofu wa Marekani waliunda War Relief Services, na kuwahudumia Wapolandi wa Santa Rosa ikawa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Padre Patrick O'Boyle, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Washington. Jina la sasa lilikuja mwaka 1955, vita ilipokuwa imekwisha na kazi imeanza kuhamia Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Kambi ya Tengeru yenyewe iliendeshwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kwa hiyo usiiandike kuwa mradi wa CRS. Lakini waliozikwa hapo kwenu na waliofika Santa Rosa walitoka katika msafara mmoja.

*Miaka ya nyuma tulipokea mahindi ya njano na mafuta ya kopo la bati yenye bendera ya Marekani. Kwa nini yatoke mbali hivyo wakati mkoa wa jirani una mahindi?*
Msomaji, Dodoma

Kwa sababu sheria iliyoleta chakula hicho haikutungwa kwa ajili ya wenye njaa peke yao. Ilipitishwa Marekani mwaka 1954, ikajulikana kwa namba yake, PL 480. Wakulima wa kule walikuwa na ngano na mahindi yaliyozidi, na serikali ikayanunua na kuyatoa nje. Mashirika kama CRS yalipewa chakula chenyewe, si fedha ya kununulia. Juu ya hapo, sheria nyingine ilitaka angalau nusu ya shehena isafirishwe na meli za Marekani, ambazo ni ghali. Mwaka 2009 wakaguzi wa serikali ya Marekani walilinganisha safari hizo kwa nchi kumi za Afrika. Chakula kilichotoka Marekani kilichukua wastani wa siku 147 kufika. Kilichonunuliwa humo humo nchini kilichukua siku 35. Mkulima aliyekosa mavuno ya Juni na kuomba msaada Julai angekipata karibu na Krismasi.

Mgao wa kawaida kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharage, 25 za mafuta, na unga wa lishe gramu 50, pamoja na chumvi na sukari kidogo. Jumla inakaribia kilokalori 2,100. Kwa mwezi nafaka ni kilo 12 kwa kichwa, kwa hiyo gunia la kilo 50 ni la watu wanne na kilo mbili zinabaki. Kopo la mafuta la lita 4 ni la watu watano. Hapo ndipo ugomvi kwenye ugawaji ulipoanzia: anayechota kwa bakuli akijaza kilima kidogo kila mara, watu wa mwisho kwenye foleni wanakuta sakafu tupu. Dawa yake ni kuwapanga watu makundi kwa hesabu ya gunia zima na kuacha kuchota kabisa.

Na mahindi yalikuja punje nzima. Asiye na fedha ya kusagisha aliuza sehemu ya mgao ili alipe mashine, kwa hiyo kilo 12 za kwenye karatasi hazikufika chunguni zikiwa 12.

Utegemezi ule wa chakula cha serikali ulikuwa na hatari nyingine. Mwaka 1967 gazeti la National Catholic Reporter lilifichua kwamba chakula kilichopitia CRS huko Vietnam Kusini kilikuwa kinawafikia mgambo wa upande wa serikali. Kwa shirika la Kanisa lilikuwa jambo zito, na ni haki lisemwe kila historia yake inaposimuliwa.

*Baba yetu hutaja ndege za usiku za Biafra. Zilibeba nini, na zilisaidia?*
Msomaji, Bukavu

Zilisaidia sana, na maswali yake hayajaisha. Katika vita vya Nigeria na Biafra, kuanzia Julai 1967 hadi Januari 1970, Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, ilizingirwa nchi kavu na baharini. Caritas, CRS na makanisa ya Kiprotestanti waliungana katika Joint Church Aid, wakarusha ndege kutoka kisiwa cha São Tomé hadi Uli, kipande cha barabara ya lami kilichopanuliwa kikawa uwanja. Zilitua gizani, na taa za uwanja ziliwashwa kwa muda mfupi tu ndege inapotua, kwa kuogopa mabomu. Kwa jumla zilikuwa safari zaidi ya 5,000 na mizigo ya tani 60,000 hivi. Baadhi ya marubani walikufa.

Angalia walichobeba. Mihogo na viazi vikuu vilikuwepo kiasi. Kilichowaua watoto ni kwashakoo, yaani upungufu wa protini. Ndege ya tani kumi iliyojazwa mchele ingekuwa safari iliyopotea bure. Ndiyo maana walipakia samaki wakavu kutoka Norway, maziwa ya unga, chumvi, na unga uliochanganywa mahindi, soya na maziwa. Wapo wanahistoria wanaosema njia ile ya anga ilirefusha vita kwa kuipa Biafra pumzi. Sisi tunaona hoja hiyo ina uzito, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaambia akina mama wa Uli wasubiri vita viishe kwanza.

*Mimi ni Mwislamu. Je, misaada hii ni ya Wakatoliki tu? Na Caritas na CRS ni kitu kimoja?*
Msomaji, Tanga

Si ya Wakatoliki tu. Mwaka 1994 CRS na Caritas Internationalis walikuwa kati ya mashirika manane yaliyoidhamini kanuni ya maadili ya kazi za misaada pamoja na Msalaba Mwekundu, na kanuni hiyo inakataza kumchagua mtu kwa dini, kabila au uraia. Ukinyimwa kwa sababu ya dini, una haki ya kulalamika, na kamati ya ugawaji inapaswa kukuonyesha sanduku au namba ya malalamiko. Caritas Internationalis ni shirikisho la Caritas za nchi mbalimbali, lilianzishwa mwaka 1951, na CRS ni mwanachama mmojawapo.

*Mafuriko yamesomba maghala ya kaya 300 parokiani kwetu. Tumeahidiwa fedha za mbegu. Tununue tugawe, au tufanye gulio la mbegu kama tulivyosikia la Uganda?*
Katibu wa Caritas ya parokia, Kigoma

Fanyeni gulio, mkishathibitisha jambo moja: mbegu zipo sokoni? CRS ilianza magulio hayo, ambapo kaya hupewa vocha na kujichagulia mbegu kwa wauzaji wa huko huko, kaskazini mwa Uganda mwaka 2000. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kununua aina moja ya mbegu mjini, kuifunga na jembe, na kuigawa. Mara nyingi ilichelewa mvua, au haikupatana na udongo, au ililiwa. Walipochunguza walikuta mbegu za wenyeji bado zipo kwa majirani na wachuuzi. Waliokimbia vita walikosa fedha tu. Kwa hiyo zungukeni masoko mawili matatu mkaulize. Mbegu zikiwa zimekwisha kabisa eneo zima, gulio halitafaa, agizeni kutoka nje.

Hesabu iwe hivi, kwa bei za mfano. Nusu eka ya mahindi inataka kilo 5, kwa sh 2,000 ni sh 10,000. Robo eka ya maharage ni kilo 9, kwa sh 4,000 ni sh 36,000. Ongeza sh 14,000 za karanga, mtama au mboga, inakuwa sh 60,000 kwa kaya. Kaya 300 ni sh milioni 18. Wauzaji wanaojiandikisha wawe na mbegu za thamani ya milioni 27 hivi, mara moja na nusu ya vocha. Mbegu zikilingana na vocha, muuzaji anajua lazima utanunua kwake, na bei inapanda kabla ya saa nne asubuhi. Wauzaji wadogo wawe wengi, hasa kina mama wenye debe moja moja la maharage. Wafanyabiashara watatu wenye malori watapatana bei usiku.

Vocha ziwe ndogo, sh 2,000 kila moja, 30 kwa kaya. Mkitoa za sh 10,000, mtu anayetaka kilo moja ya karanga atalazimika kununua asichokihitaji, kwa sababu chenji hairuhusiwi. Kila vocha iwe na namba, mhuri wa parokia na tarehe, na itumike siku ile tu. Mhuri upigwe kwa wino wa rangi isiyouzwa dukani kijijini. Fotokopi nyeusi ni rahisi mno kughushi.

Wiki moja kabla, pimeni uotaji. Chukua punje 100 bila kuchagua, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, kiloweshe kila siku, hesabu baada ya siku saba. Zikiota 80 na zaidi ni nzuri. Chini ya 60 msiiruhusu iingie. Maharage yenye matundu ya bungua yakataeni mlangoni, na karanga zije na maganda yake, kwa sababu zilizobanguliwa mapema hupoteza uotaji. Kabla ya yote hayo, mwoneni afisa kilimo wa wilaya mjue masharti ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, kuhusu mbegu zinazoruhusiwa kuuzwa.

Siku yenyewe, kila muuzaji apimiwe mzigo anapoingia na anapotoka. Aliingia na kilo 80 za maharage, ametoka na 30: ameuza 50, kwa hiyo awe na vocha za sh 200,000 hivi, zaidi au pungufu kidogo kwa sababu ya kupatana bei. Akiwa na za sh 400,000, kuna watu wamemwuzia vocha kwa fedha taslimu. Ugonjwa huu ni wa kawaida, na bila kupima mara mbili haugunduliki. Fedha za wauzaji ziwepo mezani jioni ile ile. Mkiwaambia warudi Jumatatu, wataanza kukata bei ya vocha, na msimu ujao hawaji. Tarehe ya gulio iwe wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, isizidi hapo: mbegu ikikaa mwezi mzima nyumbani mwa mwenye njaa, inaliwa.

*USAID imefungwa mwaka 2025, na mradi wetu umesimama. Vikundi vyetu vya SILC vitakufa?*
Mwanakikundi, Homa Bay

Havina sababu ya kufa. CRS ilitegemea sana fedha za serikali ya Marekani, zikiwemo za USAID, shirika lake la misaada, na ilibidi ipunguze miradi na wafanyakazi. Lakini SILC, yaani njia ya vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana iliyoanzishwa na CRS mwaka 2006 hivi kwa kufuata mfano wa vikundi vya shirika la misaada la CARE vya Niger vya mwaka 1991, imejengwa juu ya akiba ya wanachama wenyewe. Wanachama ni 15 hadi 30, mnaweka, mnakopeshana, na baada ya miezi minane hadi kumi na miwili mnagawana.

Kilichosimama kwenu huenda ni malipo ya mwalimu wa kikundi. Kubalianeni naye ada ndogo kwa kikao kutoka mfuko wenu, na mwiteni wakati wa kuanza mzunguko na wakati wa kugawana tu, maana hapo ndipo hesabu huharibika. Mikopo yote irudi mwezi mmoja kabla ya kugawana. Na kama mtu atakuja na ahadi ya kuwaongezea mtaji wa bure, zikataeni fedha hizo zisiingie sandukuni: anayekopa fedha ya jirani yake huirudisha, anayekopa ya mfadhili huona ni zawadi, na akiacha kulipa mmoja wengine humfuata.