Bahati nasibu: kodi ikatwe kwenye tiketi au kwenye ushindi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete. Mtoto wa ndugu yangu anafanya kazi Dar es Salaam, na karibuni alishinda bahati nasibu. Sote tulifurahi, lakini fedha alizopokea zilikuwa pungufu ya zile alizotangaziwa, na akaambiwa kilichokatwa ni kodi. Binamu yake aliyeko Uingereza anasema kule mshindi hakatwi kitu. Nina masuala matatu. Ni haki tiketi itozwe kodi na ushindi nao utozwe? Kamari kwetu ni haramu, sasa serikali ikichukua kodi humo si imeshiriki? Na kijana akizileta fedha hizo Pemba kumalizia nyumba ya mama yake, TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, au ZRA ya Zanzibar, watamkata tena?

Jibu: Waalaykum salaam, mzee wangu. Naanza na maneno ya huyo binamu, maana nayasikia kila mara kwa watu wenye jamaa zao nje. Anachosema ni kweli, ila ni nusu ya kweli.

Uingereza ilianzisha bahati nasibu ya taifa mwaka 1994, na tangu hapo kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya kila tiketi inayouzwa. Tiketi ya Lotto ni pauni 2. Maana yake pensi 24 zinakwenda hazina kabla hata mipira haijachezeshwa. Mshindi anaondoka na fedha zake zote kwa sababu kodi imeshalipwa na wanunuzi wote, na wengi wao hawatashinda maisha. Ujerumani nayo inatoza kwenye dau, asilimia 20, na mshindi haguswi.

Marekani wamekwenda kinyume. Huko ushindi ni mapato kama mshahara. Ukipindukia dola 5,000 katika bahati nasibu, mwendeshaji wa mchezo anakata asilimia 24 papo hapo na kuipeleka serikali kuu, na mshindi wa jakpoti anapojaza ritani yake, yaani fomu ya kodi ya mapato, mwaka unaofuata anakuta kiwango chake cha juu ni asilimia 37, basi anadaiwa tofauti. Juu ya hapo kuna majimbo yanayokata la kwao. California haikati kwenye bahati nasibu yake yenyewe, New York inakata. Watu wengi waliowahi kushinda fedha nyingi huko wameumia hapo, kwa kudhani ile asilimia 24 ndiyo mwisho wa habari.

Kwa hivyo suala halipaswi kuwa nani anatoza na nani hatozi. Karibu kila nchi inayoruhusu mchezo huu inatoza. Suala ni mahali inapotia mkono, na hapo ndipo penye haki na dhulma. Naomba univumilie kidogo na hesabu, nimechagua tarakimu za mviringo makusudi.

Tuseme zimeuzwa tiketi 100,000 kwa shilingi 1,000 kila moja. Zimekusanywa shilingi milioni 100. Mwendeshaji anatoa zawadi za milioni 50. Zinazobaki, milioni 50, ndizo watu wa kodi wanaziita mapato ghafi. Humo ndimo analipa mawakala, mitambo, mishahara, matangazo, na humo ndimo faida yake inatoka. Serikali inataka milioni 10. Inaweza kuzipata kwa kutoza asilimia 10 ya bei ya tiketi, au asilimia 20 ya zawadi, au asilimia 20 ya mapato ghafi. Zote tatu zinaleta milioni 10 zilezile, lakini mtoaji si yuleyule.

Ikitozwa zawadi, mambo yako wazi. Bango la barabarani linasema milioni 50, wachezaji kwa jumla wanapata milioni 40. Kabla ya kodi, kila shilingi 1,000 iliyochezwa ilirudisha wastani wa shilingi 500, sasa inarudisha 400. Mwendeshaji hakupunguza bei wala hakutoa senti mfukoni mwake. Ikitozwa tiketi na bei ikabaki 1,000, mwendeshaji atajaribu kupunguza zawadi ili afidie, na mchezaji ataishia palepale. Ikitozwa mapato ghafi, milioni 10 zinatoka kwenye fungu la mwendeshaji. Naye atataka kupunguza zawadi msimu ujao, lakini sheria au masharti ya leseni yakitaja kiwango cha chini cha fedha zinazopaswa kurudi kwa wachezaji, hana pa kukwepea.

Sasa lile la haki. Kisheria, kutoza tiketi na kutoza ushindi hakuitwi kutozwa mara mbili, kwa sababu ni matukio mawili: la kwanza ni mauzo, la pili ni pato la mtu. Lakini kiuchumi umeona vizuri, mzee wangu. Zawadi hazitoki mbinguni. Ni fedha za tiketi zilezile zilizokusanywa zikagawiwa upya kwa watu wachache. Ukikata mwanzo wa njia na ukakata mwisho, umekata fungu moja mara mbili. Mimi nasimama upande wako kwa hilo.

Kinachoniudhi zaidi ni kodi ya ushindi mdogo. Mchukue kijana aliyenunua tiketi tano kwa shilingi 5,000, moja ikampa 3,000. Huyu amepoteza 2,000. Lakini kodi ya asilimia 20 kwenye zawadi haitazami zile tiketi nne zilizokufa, inatazama 3,000 tu, inachukua 600. Mtu amekula hasara, halafu ametozwa kodi kama aliyepata. Anayeshinda vijizawadi hivi mara nyingi ndiye anayecheza mara nyingi, na anayecheza mara nyingi kwa vishilingi vidogo si tajiri. Ni mchukuzi, ni dereva wa bodaboda, ni kijana asiye na kazi anayeamini wiki hii ni zamu yake.

Wenzetu wamelifikiria hili. Hispania inatoza asilimia 20 ya zawadi za bahati nasibu, lakini euro 40,000 za mwanzo hazitozwi kabisa. Ureno msamaha wake unaishia euro 5,000. Marekani, kwa ukali wake wote, inamruhusu mtu anayeorodhesha makato yake kutoa hasara za michezo hadi kufikia alichoshinda, ingawa kuanzia 2026 wameibana ruhusa hiyo isivuke asilimia 90 ya hasara. Kwetu pia kingewekwa kima ambacho chini yake zawadi haiguswi. Hazina isingepungukiwa na jambo kubwa, na kijana wa bodaboda angeachiwa 600 yake.

Kodi kubwa kupita kiasi nayo ina madhara yake. Kenya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau la kubeti. Kampuni kubwa, ambazo tayari zilikuwa na mgogoro na serikali juu ya kodi na leseni, zilifunga shughuli mwaka huohuo. Mwaka 2020 ushuru ule ukafutwa, kisha ukarudishwa baadaye kwa kiwango kidogo. Kampuni yenye leseni ikiondoka, mchezaji hakai nyumbani kusoma. Anahamia kwa mchezeshaji wa kwenye simu asiye na leseni, asiyelipa kodi, na ambaye siku ya kushinda hapokei simu.

Kwa upande wa kijana wenu, alicheza Bara, kwa hiyo sheria iliyomshika ni Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya huko. Tangu 2017 kodi ya michezo hiyo inakusanywa na TRA, na mwaka huo ndipo zawadi ya ushindi ilipoanza kukatwa, kwa asilimia 18. Viwango havijatulia tangu hapo. Mwaka 2021, kwa mfano, kwenye ubashiri wa matokeo ya michezo kodi ya zawadi ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, na kodi ya mapato ghafi ikapandishwa kutoka 25 hadi 30. Mimi niliona hiyo ni hatua kwenye njia iliyo sawa: mzigo uliondoka kidogo kwa mchezaji ukaenda kwa mwendeshaji. Viwango huguswa karibu kila Sheria ya Fedha, na sheria hiyo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo mwambie atazame tarehe aliyoshinda, aina ya mchezo, halafu kiwango cha mwaka huo wa fedha. Asikubali neno la mdomo. Aombe karatasi au ujumbe unaoonyesha vitu vitatu: ushindi kabla ya kukatwa, asilimia iliyotumika, na kiasi kilichopelekwa TRA. Kama alichokatwa hakilingani na asilimia, ana haki ya kuuliza kwa mwendeshaji, na akipuuzwa, kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Visiwani hali ni nyengine, na watu wengi hawaijui. Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Kodi ya mapato ya watu binafsi na mashirika imo. Michezo ya kubahatisha haimo. Ndiyo maana TRA ina ofisi Unguja na Pemba kwa ajili ya kodi ya mapato na forodha, lakini mchezo wa bahati nasibu wenyewe, kuuruhusu au kuukataza, ni jambo la Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi. Mjadala huo ukifika Chukwani, linapokutana Baraza hilo, ningependa wawakilishi wetu waanze na lile suala la kodi iwekwe wapi, kabla ya kubishana juu ya asilimia.

Hapo naliendea suala lako la dini. Mimi ni mshauri wa kodi, si sheikh. Hukumu ya kamari iko wazi katika Sura ya Al-Maida aya ya 90, na la kijana kuzitumia fedha zile au kutozitumia aende akalisikilize kwa wanachuoni. Ninaloweza kulisema kwa fani yangu ni kwamba kodi si baraka. Serikali duniani zinatoza sigara na ulevi, na hakuna anayesema zimevihalalisha. Lakini serikali inayotoza lazima ijiulize inataka nini. Kama inataka watu wapunguze kucheza, kodi ionekane kwenye bei ya tiketi, mtu aihisi anapotoa fedha. Kama inataka mapato, ichukue kwenye fungu la mwendeshaji, ambaye ana vitabu vya hesabu vinavyoweza kukaguliwa. Kodi ya ushindi haifanyi lolote kati ya hayo vizuri. Haimzuii mtu kucheza, kwa sababu anayenunua tiketi anaiota jakpoti, haifikirii kodi yake. Inapendwa kwa sababu ni rahisi: mshindi ana furaha, hatalalamika sana. Wepesi wa kukusanya si sababu ya kutosha. Na ningetaka kila tiketi ichapishwe, kwa maandishi yanayosomeka, katika kila shilingi 1,000 ngapi zinarudi kwa wachezaji, ngapi ni kodi, ngapi ni za mwendeshaji. Mtu azione kabla ya kutoa noti yake.

La mwisho ni jepesi. Fedha zake ni zake. Kuzivusha bahari kutoka Dar hadi Pemba hakuzigeuzi kuwa mapato mapya, na zawadi ya mtoto kwa mama yake si mshahara wala biashara. Hakuna kodi ya mapato hapo, ataondokewa na ada za benki au za kutuma kwa simu tu. Kodi itakuja kwa kile fedha hizo zitakachozaa. Akiziweka benki, riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani benki huikata kabla ya kumpa riba yake. Akijenga nyumba akaipangisha, kodi ya pango inatozwa. Akinunua boti au akafungua duka Wete, faida itatozwa, na hapo ndipo atakapoulizwa mtaji ulitoka wapi. Ile karatasi ya ushindi iliyoonyesha kodi iliyokatwa itamjibia, kwa hivyo aitie plastiki, aihifadhi pamoja na taarifa ya benki ya siku fedha zilipoingia. Na kama nyumba inajengwa kwa jina la mama, risiti za saruji na mabati nazo ziwe na jina lake.