Difu inalia baada ya kufungwa? Pleyi sawa haitoshi, paka rangi

Wakuu, hii naandika kwa mafundi wenzangu na kwa yeyote mwenye Hilux ya zamani anayeshangaa kwa nini fundi anamwambia difu (gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu) itachukua siku mbili na sio saa mbili.

Difu nimeshusha nyingi ila iliyonifundisha ni moja, Hilux ya mzee mmoja anayebeba mpunga kutoka Mbarali, krauni (gia kubwa ya duara) ilikuwa imeng'oka meno matatu nikafunga krauni na pinioni mpya (pinioni ni gia ndogo inayoizungusha), beringi mpya, pleyi (nafasi kati ya meno) nikaiseti kwa geji ya saa ikakaa 0.15 mm, maana difu ile ya inchi 8 inataka kati ya 0.13 na 0.18, nikajiona fundi kwelikweli. Kesho yake mzee huyo karudi. "Kijana, gari yangu inaimba." Nikapanda naye, na kweli, ikifika spidi 60 ukikanyaga mafuta inalia wiiii, ukiachia inanyamaza.

Kosa lilikuwa langu. Nilirudisha shimu ileile ya zamani (pete nyembamba ya chuma inayoamua pinioni izame kiasi gani) kwenye pinioni mpya na sikupaka rangi kwenye meno kuona yanagusana wapi. Sasa elewa hapa, pleyi inakuonyesha nafasi iliyopo kati ya meno na meno, lakini haikuonyeshi pinioni imezama kiasi gani, kwa hiyo unaweza kabisa kupata 0.15 yako safi huku pinioni iko nje au imeingia mno, sababu krauni wewe unaisogeza tu kushoto kulia mpaka namba ikubali. Shimu ya zamani ni pa kuanzia tu, basi.

Rangi nayo isikusumbue. Kama huna ile ya mafundi, chukua rangi ya mafuta ya kwenye kichupa wanayotumia wachoraji, changanya na tone la oili iwe nzito kama dawa ya meno, paka meno matatu au manne ya krauni, halafu nenda sehemu nyingine mbili za mzunguko upake vilevile (wengi wanapaka sehemu moja tu, krauni ikiwa imepinda hawajui). Rangi ya ukuta hapana, inakauka unabaki unakwangua. Kisha mtu mmoja aibane krauni kwa kipande cha mbao iwe nzito kuzunguka, wewe zungusha pinioni mbele na nyuma. Bila kubana, alama inatoka hafifu na itakudanganya.

Kusoma ndipo watu wanapotea. Anza na kina, yaani alama iko juu kwenye ncha ya jino au chini kwenye shina. Ikiwa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, weka shimu nene zaidi. Ikiwa chini kwenye shina, pinioni imezama, weka nyembamba. Ile ya mzee ilikuwa juu kabisa, imekaa kama mstari wa wanja. Shimu za Toyota zinapishana kwa 0.03 mm hivi kwa hiyo kwa macho huwezi kuzijua, tumia maikromita, mimi niliongeza hatua tatu ndio alama ikashuka katikati. Kina kikikaa ndio uhangaike na urefu wa jino: alama ikikimbilia ndani kuelekea katikati ya krauni mara nyingi pleyi ni ndogo, ikikimbilia nje pleyi ni kubwa. Ukisogeza krauni, nati za pembeni zilegeze upande mmoja tundu moja na kaza wa pili tundu moja, usipofanya hivyo unaua mkazo wa beringi. Na kila ukibadili shimu pleyi inabadilika, unaiseti upya, unapaka upya. Mimi ya mzee nilifungua mara nne. Angalia pande zote mbili za jino, ule wa kuvimba ndio unaobeba mzigo gari ikivuta kwenda mbele, ule wa kubonyea ni wa kuachia mafuta na kurudi nyuma, na ukilazimika kuchagua, pendelea wa kuvuta.

Kitu kimoja kitakachokuokoa muda: beringi kubwa ya pinioni inaingia kwa kubanwa, kila ukibadili shimu unaivuta kwa puli, unaiharibu. Chukua ya zamani ya namba ileile, ipanue tundu kidogo iingie kwa mkono, fanyia majaribio, ukimaliza ndio ugonge mpya. Na wakati wa majaribio usiweke spesa ile inayojikunja (bomba fupi kati ya beringi mbili za pinioni) wala oili sili. Spesa ukishaikunja kupita kiasi usilegeze nati kidogo eti imerudi, hairudi, nunua nyingine.

Kofia za beringi weka alama kushoto na kulia kabla hujafungua, tafadhali. Krauni na pinioni ni pea, zimesagwa pamoja kiwandani, ya huku usiioze na ya kule. Na kama meno ni ya zamani yaliyokwisha zoeana, unabadili beringi tu, usitafute alama ya kitabuni, rudisha shimu zilipokuwa, ukianza kuyahamisha ndio yataanza kulia.

Ya mzee nilivyoifunga tuliweka oili 80W-90 ya GL-5, nikamwambia aendeshe kama robo saa bila mzigo kisha aiache ipoe, gunia asipandishe wiki nzima. Gunia alipandisha siku ya tatu. Alipopanda Mlima Nyoka alinipigia simu akaniwekea spika nisikie, nikasikia redio tu.